Nafasi ya Skola

Mwalimu Misigaro tulimzika Jumanne. Jumatano asubuhi uani kwake Rusimbi, hapa Kigoma, palikuwa bado pamejaa watu, wanaume wamekaa chini ya turubai mbele ya nyumba, sisi wanawake tumetandika mikeka karibu na jiko, tunamenya vitunguu na kuchambua mchele. Kila aliyeingia alilia kidogo langoni, kisha akatafuta kisu akaungana nasi. Mara akaingia mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge cha kijani, begani kabeba kiroba cha maharage utadhani kabeba mto wa kulalia. Alikishusha, akavua viatu, akasimama. Mama Misigaro, mjane wa mwalimu, ambaye kwa siku tatu hakuwa ameinuka kwa ajili ya mtu yeyote, hata mchungaji, aliinuka. "Skola wangu," akasema, wakashikana. Mimi niliinamia vitunguu vyangu. Ilikuwa imepita miaka thelathini na miwili, na bado nilimtambua kwa mabega kabla sijamwona uso.

Mambo ya wazazi wangu na utoto wangu wa Ujiji nayaacha, hayahusiki hapa. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, kwa sababu karibu kila nilichokipata baadaye, chuo, kazi, hata hili jina la Mwalimu Zuhura ambalo mji mzima unaniita, kilitoka katika mwaka ule. Namna nilivyokipata sijawahi kumweleza mtu. Mume wangu amekufa hajui. Mwalimu Misigaro alijua, na sasa naye amekwenda.

Nyumba ni ile ile. Wamebadilisha bati na kupaka rangi, lakini kile chumba cha uani tulichokaa kambini bado kipo, siku hizi wanafugia kuku. Tulikuwa wasichana sita, wakimbiaji wa mkoa, na mkoa haukuwa na mahali pa kutuweka, basi mwalimu akatuweka kwake. Magodoro matatu chini, tunalala wawili wawili. Dirisha halikuwa na kioo, lilizibwa kwa ubao tulioutoa asubuhi na kuurudisha mvua ikinyesha. Ukuta uliotutenganisha na sebule haukufika juu, na nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilipanda, kikavuka, kikatushukia sisi tuliolala. Tulijua mwalimu anadaiwa ada ya watoto. Tulijua mkewe anatuonea huruma. Tulijua nani kasifiwa na nani kasemwa kuwa mvivu. Mama Misigaro alitupikia kana kwamba ametuzaa: uji wa ulezi tukirudi mazoezini, mchana ugali wa muhogo na dagaa waliokolea mawese, Jumapili samaki aina ya migebuka wa kukaanga wakipatikana. Yeye na mumewe walikuwa Wakristo, na mimi ndiye Mwislamu peke yangu kambini, lakini kila ilipopatikana kuku alimtuma mtu kwa jirani Mzee Juma ili achinjwe na Mwislamu. Hakunitangazia. Niligundua mwenyewe baada ya miezi miwili, nilipomkuta jirani akisafisha kisu. Naeleza haya ili ieleweke tuliharibu nini, na katika nyumba ya namna gani.

Mazoezi yalianza kabla jua halijatoka. Tulishuka mbio mpaka Bangwe, ziwa likiwa bado la kijivu, tukageuka na kupanda kile kilima kirefu bila kusimama. Jumatano na Jumamosi tulikwenda Kibirizi kukimbia kwenye mchanga, pembeni ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa, nao walitucheka: "Nyie wasichana, mnamkimbia nani? Njooni mtusaidie kugeuza dagaa!" Mimi nilikuwa nimekimbia hivyo kwa miaka minne. Mita mia nane ndiyo ilikuwa mbio yangu, na katika mkoa mzima hakukuwa na msichana aliyewahi kunipita. Mwaka ule ulikuwa wa kwenda mashindano ya taifa. Kwa mbio yangu nafasi ilikuwa moja tu, na kila mtu, pamoja na mimi, alishanipa.

Skola alikuja mwezi wa tatu. Mwalimu alimwona kwenye mashindano ya shule huko Manyovu, milimani karibu na mpaka, akikimbia pekupeku, akaenda kuzungumza na mama yake, akarudi naye kwenye lori la viazi. Alikuwa na miaka kumi na minane. Mrefu, kifua bapa, sauti nzito kidogo, mikono ya mtu aliyelima tangu utotoni. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kimechanganyika na Kiha, na kila akishtuka alisema "Mawe!", yaani mama, nasi tuliozaliwa mjini tukamuuliza mawe yako wapi tukajenge. Alicheka pamoja nasi. Alikuwa hajui kununa. Kwa kuwa godoro langu ndilo lililobaki na nafasi, alilala na mimi, na kwa kuwa nilimzidi mwaka mmoja aliniita da Zuhura.

Wiki ya pili mwalimu alitupanga uwanjani kukimbia mita mia nane, kujaribu tu. Nilianza kwa kasi yangu ya kawaida, nikaongoza mzunguko wa kwanza, na kwenye kona ya mwisho nikasikia nyayo. Sikuwa nimezoea kusikia nyayo mahali pale. Skola alinipita kwa nje, mdomo umefungwa, na akaendelea kwenda mbali nami mpaka nikaona mgongo wake wote. Alipomaliza aligeuka, akanisubiri kwenye mstari, akanipigia makofi. Hakuwa akinidhihaki. Alidhani ndivyo inavyofanywa. Nilikwenda nyuma ya choo cha uwanja nikatapika, na nilipokuwa nimeinama pale nilijiambia maneno ambayo mpaka leo siwezi kusema yalikuwa ya uongo: haiwezekani. Miaka minne ya kile kilima, na huyu ana wiki mbili. Kuna kitu hapa si sawa.

Narudia, sikuwa nimedanganyika kabisa, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya habari hii. Ningekuwa nimemzulia, ningejua la kutubu. Lakini wenzangu wote waliona nilichokiona. Tulipooga alisubiri tumalize ndipo aingie peke yake. Kidevuni alikuwa na vinyweleo alivyoving'oa kwa kucha. Wasichana walinong'ona kwamba labda ni mvulana aliyevalishwa sketi ili mwalimu apate medali, wakacheka, wakanyamaza akiingia. Mimi nililala naye godoro moja na nilijua si mvulana. Alijifunga kanga kama sisi. Aliniambia habari za kijana mmoja mpiga ngoma wa kanisani kwao ambaye hakuwahi kumtazama, na akanitaka ushauri. Alikuwa msichana kwa kila namna aliyoijua yeye mwenyewe, na mbele yangu kwenye kona ya mwisho alikuwa kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake.

Siku moja, mwezi wa sita, tumbo lilinishika siku zangu zilipoanza, nikabaki kambini. Skola naye akaomba ruhusa abaki. Alinichemshia maji, akanifulia nguo zangu bombani bila kuombwa, pamoja na vitambaa, kisha akaja kukaa kwenye ukingo wa godoro.

"Da Zuhura, inauma sana?"

"Si unajua mwenyewe."

Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Mimi sijui," akasema. "Mimi bado."

"Bado nini?"

"Sijaona. Hata mara moja. Mdogo wangu ana miaka kumi na nne, ameshaona." Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, kama mtu anayemtazama daktari. "Mama anasema nitachelewa tu kama shangazi. Yewe, da Zuhura, wewe umesoma. Nitaona lini?"

Nilimwambia sijui, wengine huchelewa, mazoezi nayo hukausha mwili. Nilimwambia asijali. Akapumua. "Usimwambie mtu," akasema. Nikamjibu, "Nimwambie nani mimi?" Nilisema kwa moyo mweupe. Siku ile nilimpenda, na wala sioni haya kuandika hivyo.

Wiki mbili kabla ya mbio za kuchagua timu, Bi. Hilda alikuja kumwona mwalimu. Alikuwa afisa mkoani, katibu wa kamati iliyosimamia wanariadha, mama wa watu kutoka Iringa aliyeletwa Kigoma na kazi. Ilikuwa saa nane mchana, tumekula, tumejinyoosha. Skola alikuwa jikoni anamsaidia Mama Misigaro kuosha masufuria. Sauti zilivuka ukuta kama kawaida.

"Mwalimu, watu wanasema," alianza Bi. Hilda.

"Wanasema nini?"

"Kwamba umeleta mwanamume."

Kiti kililia. "Yule ni mtoto wa kike. Nina cheti chake cha ubatizo humu ndani. Nimekaa na mama yake, nimekula kwake."

"Cheti hakikimbii, mwalimu. Tukifika kule wenzetu wa mikoa mingine wakipinga, timu nzima itarudishwa. Na nikuulize, hawa wengine je? Zuhura amekimbia miaka mingapi? Nani anamtetea Zuhura?"

Wenzangu wote waligeuza vichwa wakanitazama. Sijui kama kuna mtu aliwahi kusema jina langu kwa utetezi kama ule. Mwalimu akasema polepole, "Sina neno kwa Zuhura. Lakini huyu nimwambie nini?" Bi. Hilda akasema hawezi kuchukua hatua kwa maneno ya mitaani, anahitaji mtu wa kumwambia jambo la hakika.

Kesho yake aliniita ofisini kwake. Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka juu ya mafaili yaliyobanwa kwa mawe ya ziwani ili yasipeperuke. Alinipa kiti. Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Mara nyingi nimetamani angefanya mojawapo, ningepata pa kuegemea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe unalala naye. Kuna lolote tunalopaswa kujua?" Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kusema muulizeni mwenyewe, kwa upole, yeye mwenyewe anatafuta wa kumuuliza. Hilo la pili ndilo linaloniamsha alfajiri mpaka leo, kwa sababu lilikuwa kweli na lingesaidia kila mtu. Nilisema, "Hajawahi kuona siku zake. Aliniambia mwenyewe." Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa kiatu. Bi. Hilda akaandika, akafunika kalamu, akanishukuru.

Walimpeleka zahanati moja ambayo sitaitaja, Ijumaa asubuhi. Kwa kuwa alikuwa na hofu, alimwomba mwalimu nimsindikize mimi. Aliambiwa ni kupimwa afya kabla ya mashindano. Njiani alinishika mkono. Niliachwa kwenye benchi ukumbini, mwalimu akasimama nje juani, hakutaka kuingia. Niliona walioingia: daktari, muuguzi, Bi. Hilda, na wajumbe wawili wa kamati, wanaume watu wazima mmoja akiwa na faili kwapani, ambao mpaka leo sijui walikuwa na kazi gani katika chumba kile. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Kwanza nilisikia maswali. Kisha nikasikia, "Vua na hiyo." Kisha sauti ya Skola, ile nzito kidogo iliyowachekesha watu, ikisema "Mawe, mawe," na safari hii hakuna aliyemuuliza mawe yako wapi. Kisha kimya cha watu wanaotazama. Muuguzi alisema neno kwa sauti ya chini, na Skola akasema, "Ehe," yaani ndiyo.

Alitoka fulana yake imegeuzwa ndani nje. Alisimama mbele yangu. Hakuwa akilia.

"Da Zuhura. Uliwaambia?"

"Hapana," nikasema.

Alinitazama kidogo tu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia, akatoka kwenda kwa mwalimu.

Daktari aliandika kwamba apelekwe hospitali kubwa kwa uchunguzi zaidi. Hakuna aliyempeleka. Jina lake likaondolewa "mpaka hapo majibu yatakapopatikana", na majibu ya kitu ambacho hakijapimwa hayapatikani. Jumapili asubuhi mwalimu alimbebea begi mpaka kwenye gari la Manyovu. Wasichana walibaki mlangoni. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni. Nilipotoka, Mama Misigaro alikuwa anapakua chakula. Alinipakulia kama siku zote, kiasi kile kile, na kipande cha samaki. Tangu siku hiyo hadi kambi ilipovunjwa hakuniambia neno ambalo halikuhusu chakula. Nilikula kila nilichopewa.

Mbio za mkoa nilishinda. Nilikwenda taifa nikashika nafasi ya tatu, medali nikavishwa, na kwa medali ile nikapata nafasi chuo cha ualimu, nikasomea michezo. Nimefundisha hapa hapa Kigoma maisha yangu yote. Nimetoa wasichana wazuri. Siku ya michezo huwa napewa kipaza sauti niseme neno, na huwa nasema juu ya juhudi.

Siku hizi jambo hili limejaa kwenye simu. Wanafunzi wangu wananionyesha habari za ng'ambo, za waliozaliwa wanaume wakabadilika wakaishi kama wanawake na sasa wanataka kushindana na wanawake, na za wasichana waliozaliwa na kukua kama wasichana kisha wakapimwa damu na kuambiwa wakae kando. Wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawasimama. Mmoja anasema ni dhuluma kwa wasichana, mwenzake anasema na yule naye ni mtu. Wananiuliza, "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nawaambia hayo mambo mawili si jambo moja, na yote mawili ni magumu, nao wanadhani nakwepa. Pengine nakwepa. Ninajua jinsi inavyouma kupitwa kwenye kona ya mwisho na mwili ambao huwezi kuufikia hata ukifanya mazoezi miaka mia. Yule msichana anayeumia ana haki ya kusikilizwa, nilikuwa yeye. Kama ningeulizwa leo Skola alistahili kukimbia nasi au la, sina jibu moja. Asubuhi nasema ndiyo, jioni nasema sijui. Lakini mwaka juzi wazazi wa shule jirani walikuja wakitaka msichana mmoja wa timu yetu ya mpira "akaguliwe", kisa ana misuli na amewafunga watoto wao. Niliwafukuza ofisini kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Walishangaa. Baadaye nilifunga mlango nikakaa peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimewajibu watu wa miaka thelathini iliyopita, na hawakuwepo kusikia.

Basi Jumatano ile msibani, baada ya watu kula mchana, vyombo vikarundikwa bombani, na Skola akaenda akakunja kitenge akaanza kuosha. Wote waliokuwa karibu walikuwa wageni kwake. Nilikaa dakika kumi nikimtazama mgongo. Kisha nikainuka, nikachukua beseni la kusuuzia, nikakaa upande wa pili.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu," akasema bila kuinua macho. Hakuniita da Zuhura.

"Nzuri, Skola. Pole na msiba."

"Tumeshapoa."

Tuliosha. Alikuwa na mvi kichwani na mikunjo mizuri pembeni mwa macho. Aliniambia habari zake kama vile niliziuliza, bila haraka, sahani baada ya sahani. Maneno yalifika Manyovu kabla yake. Gari lilipomshusha tayari watoto walikuwa wakimwita Bwana Skola, na waliendelea kwa miaka mingi, hata sokoni. Kijana mmoja alitaka kumwoa, ndugu zake wakamzuia. Alipokaribia miaka thelathini alipata uvimbe kinenani, akalazwa hospitali ya misheni, na daktari wa pale, mama mmoja mtu mzima, alipomaliza kumpasua alifunga mlango, akakaa kitandani pake, akamweleza.

"Aliniambia ndani niliumbwa tofauti. Mji wa mimba sina. Akasema mimi ni mwanamke niliyezaliwa hivyo, na wapo wengine, si mimi peke yangu, wala si laana ya mtu. Nililia siku mbili. Si kwa uchungu. Nililia kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo. Mtu mmoja, mlango umefungwa, mimi nimevaa nguo zangu." Alipangusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja. "Kama Bi. Hilda angekuja hivyo, akaniambia, Skola, mwili wako una nguvu ambazo wenzako hawakupewa, kaa kando, labda ningebisha. Labda ningekubali. Sijui. Lakini ningekuwa nimeambiwa mimi."

Alikuwa amelea watoto wanne wa mdogo wake aliyefariki. Wa kwanza ni muuguzi sasa. Mwalimu Misigaro, alisema, alikuwa akipanda Manyovu kila mwaka baada ya mavuno. Anakaa, anakunywa togwa, anauliza habari za watoto, anashuka. "Hakuwahi kuligusa jambo lile. Mwaka wa kwanza nilimfungia mlango. Wa pili akakaa nje kwenye kinu mpaka jua likageuka. Wa tatu nikamfungulia."

Manyovu si mbali. Gari linakwenda kila siku. Nilikuwa na Jumamosi zote za miaka thelathini na miwili, na sikupanda hata moja.

"Skola," nikasema, "siku ile zahanati uliniuliza, nikakujibu hapana. Nilikudanganya. Ni mimi niliyewaambia."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Kabla sijakuuliza. Yule muuguzi alisema mle ndani, 'Rafiki yako ametuambia hujawahi kuona siku zako, ni kweli?' Rafiki nilikuwa naye mmoja." Akaweka sahani kwenye beseni langu. "Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe. Ungesema ndiyo, nadhani ningeondoka na kitu."

Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika tu, nikayafunga. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa miaka mingi na yote yalinikimbia. Nilisema nisamehe, nisamehe, kama mtoto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sijui, Mwalimu," akasema. "Sitaki kukudanganya na mimi. Nikijua nitakwambia."

Tukaendelea na kazi. Mama Misigaro alipita na masufuria mawili, akayaweka chini kati yetu, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake. Vikombe vikafuata, kisha masufuria, na nilidhani mazungumzo yamekwisha.

"Kule taifa," Skola akasema ghafla, "ulishika ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Muda?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza muda. Watu huuliza medali. "Dakika mbili, sekunde kumi na moja."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Nilimwona akihesabu kichwani, akikimbia ile mizunguko miwili pale alipokaa, kona ya kwanza, kona ya pili, na mdomo ameufunga vile vile.

"Mimi mwalimu aliniambia nilikimbia mbili na sita," akasema. "Ile Jumamosi ya mwisho, jioni uwanjani, kabla ya zahanati. Watoto wangu sijawahi kuwaambia, wataona najisifu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alitaka tu kunipa moyo."

"Ilikuwa kweli," nikasema. "Mwalimu siku ile macho yalikuwa yanamuuma, mimi ndiye niliyeshika saa. Na haikuwa sita. Ilikuwa tano. Mimi ndiye niliyemwambia sita."

Alinyanyua uso akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, muda mrefu mpaka nikataka kuangalia pembeni, lakini sikuangalia pembeni. Kisha akacheka kidogo, kicheko kile kile cha zamani cha mtu asiyejua kununa, na machozi yakamtoka.

"Mbili na tano," akasema. Akalisema tena, polepole, kwa Kiha.